Daftari la Wiki: Nyumba Iliyokwisha Kuuzwa

Wiki hii nimeshinda Mji Mkongwe, Unguja, nikiwasaidia ndugu zangu wa upande wa mama kuitayarisha nyumba ya marehemu baba yao, iliyouzwa ili warithi wagawane thamani yake. Maana fungu la mke ni thumni, na mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike, na hesabu kama hiyo haichoreki sakafuni kwa chaki.

*

Kila apitaye hutoa shauri la kupaka rangi. Ukuta wa chumba cha chini, upande wa kisima, umevimba, na ukiupitishia kiganja unga mweupe wa chumvi hukubakia vidoleni. Wazee waliijenga nyumba hii kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vinavyovuta unyevu na kuutoa; lakini miaka ya karibuni mtu alipiga lipu ya saruji juu yake, na maji yapandayo kutoka ardhini, yakikosa njia ya kutokea, yamo ndani yanakula ukuta.

“Fundi, tupake chokaa mara mbili tu,” alisema kijana wa mwisho wa marehemu. “Nani atajua?”

“Nitajua mimi, mwanangu,” alijibu fundi, mzee wa makamo ambaye hakuinua hata uso, “na masika yatajua.”

Mafakihi nao walikwisha kulisema jambo hili zamani, kwamba auzaye kitu chenye aibu anayoijua, kisha asiibainishe, humwachia mnunuzi khiyari ya kukirudisha. Kupaka rangi ili nyumba ipendeze ni jamala. Kupaka ili ukuta unyamaze ni hadaa, ijapokuwa ndoo ni ile ile.

*

Deni la maji limelipwa. Hati ziko kwa wakili.

*

Mrithi mmoja aishiye Maskati alituma neno kwamba mlango mkubwa wa nakshi ung’olewe, apelekewe kwa kumbukumbu. Dada yake mkubwa alikataa, nami naona alikataa kwa haki: mlango huo umeshikana na ukuta, mnunuzi aliuona siku ya kupatana bei, na kuung’oa katika mji uliotiwa katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 si jambo la aila kuliamua peke yake. Maskati atapelekewa kinu na mbuzi ya kukunia nazi, akipenda.

*

Yaliyo mazito zaidi hayamo katika hati yoyote. Mlizamu wa jirani humwaga maji ya mvua katika ua wetu kwa mapatano ya mdomo ya watu ambao wote wawili sasa wako makaburini; bibi wa nyumba ya nyuma huteka maji kisimani kila alasiri bila ya kubisha hodi; na chumba cha juu kipatacho upepo wa kaskazi hakifai kulalwa wakati wa kusi. Dada mkubwa aliyataja yote, mimi nikaandika, na ukuta wa kisima tukautanguliza, pamoja na onyo kwamba mnunuzi asiuguse kwa saruji tena.

*

Mnunuzi alikuja Alhamisi na mkewe. Bibi alipima chumba cha juu kwa hatua, akasikitika kwamba kabati lake halitaingia, kwa kuwa vyumba hivi ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa umefuata urefu wa boriti za mikoko. Bwana aliisoma karatasi yetu polepole, akaenda akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akarudi na kutaka apunguziwe bei. Majadiliano yaliendelea mpaka adhuhuri, kahawa ikaletwa mara ya pili, na mwishowe akapunguziwa gharama ya kuubandua ule ukuta na kuupiga chokaa upya. Funguo zikakabidhiwa. Kijana wa mwisho hajasema nami tangu siku hiyo.