Penzi Lisilo na Mgogoro: Udhaifu wa Mwendelezo wa Colleen Hoover

Riwaya ya Mmarekani Colleen Hoover, It Starts with Us (2022), ni mwendelezo wa It Ends with Us (2016). Katika ile ya kwanza, mgogoro mkuu umo nafsini mwa Lily: anampenda Ryle, mumewe anayempiga, na hatimaye analazimika kuchagua baina ya penzi hilo na usalama wa binti yao. Humo ndimo ilimo nguvu ya riwaya ile.

Mwendelezo umeuhamishia mgogoro nje ya mhusika. Lily amekwisha kuachana na Ryle, na Atlas, mpenzi wake wa ujanani, amechorwa kama mhusika bapa, karibu hana dosari. Hata usimulizi wa zamu baina ya wapenzi hawa hauzai mvutano, kwani wote wawili wanataka jambo lile lile.

Yamkini mtetezi atadai kwamba mwanamke aliyepigwa anastahili faraja. Hoja hiyo ni ya haki. Hata hivyo, faraja isiyogharimiwa haithibitishi kupona. Swali zito, yaani namna mama anavyoshirikiana malezi na mtu anayemwogopa, linajitokeza, lakini mara nyingi linalipisha penzi. Hapo ndipo riwaya ilipostahili kuanzia.