UWANJA WA MICHEZO: Mpira Ukipotea, Nani Aufuate?

Watu wengi waonapo wachezaji mashuhuri wamesimama duara, wakipigiana mpira na kuchekana, hudhani kwamba mazoezi hayajaanza. Kumbe mazoezi yenyewe ndiyo hayo. Wahispania huyaita rondo. Marehemu Bwana Johan Cruyff, Mholanzi, aliporudi Barcelona mwaka 1988 kuwa mwalimu wa timu, aliyafanya kazi ya kila siku; na mwaka 1992 timu yake ilitwaa Kombe la Ulaya kwa mara ya kwanza, uwanjani Wembley, kwa kuishinda Sampdoria 1–0.

Wachezaji wanane husimama duara na wawili huingia kati. Wa nje hupigiana mpira kwa mguso mmoja, au miwili ikibidi, na wa kati huuwinda. Mchezaji hujifunza kutazama pande zote kabla mpira haujamfikia, na kusimama ubavu ili aone mbele na nyuma. Pasi iliyo bora kuliko zote ni ile ipitayo katikati ya wale wawindaji. Aupotezaye mpira huingia kati mara moja, bila kulalamika wala kushika kiuno.

Hata hivyo duara lina upungufu, maana halina goli. Timu yaweza kuwa hodari wa duara, na siku ya mashindano ikafungwa mabao matano. Kwa hiyo lafaa zoezi la pili. Vichorwe viwanja viwili vya mraba vinavyopakana, kila kimoja hatua kumi na tano kila upande. Watano wakae hiki, na wapinzani wao watano kile. Mpira ukiwa kwa wa kwanza, wapinzani watatu huvuka kuuwinda. Wakiupata, sharti waupeleke upesi kwa wenzao wawili waliobaki, kisha wakimbie kurudi kwao. Na watatu wa upande uliopoteza huwafuata. Mwalimu asipige filimbi hapo. Akisimamisha mchezo kila mpira unapopotea, ameliua zoezi.

Timu ya Bwana Pep Guardiola, aliyeifundisha Barcelona tangu 2008 hata 2012, ilisifiwa kwa pasi, lakini nusu ya nguvu zake ilikuwa katika sekunde tano baada ya kupokonywa. Waliokuwa karibu walimrukia mpinzani papo hapo. Sababu yake ni wazi: aliyekwisha kunyang'anya mpira yu na pumzi fupi, macho yake yako miguuni, na wenzake hawajajipanga kumsaidia. Wasipoupata kwa muda huo, hurudi nyuma kulinda. Ndivyo walivyocheza siku ya 28 Mei 2011, hapo hapo Wembley, walipoifunga Manchester United 3–1.

Zoezi la viwanja viwili lifanywe dakika tatu tu, kisha watu wapumzike. Wachezaji waliochoka huanza kuufuata mpira kwa kutembea, na Jumamosi watatembea vivyo hivyo.