MCHEZA KWAO HUTUNZWA

Kabla hujafungua ukurasa wa mashairi na vitendawili, nakuomba unitegee sikio kidogo. Nina ubishi ambao umenikaa moyoni tangu likizo ya Desemba. Nimeona afadhali niumwage hapa katika jarida la chama chetu kuliko kuendelea kuwasumbua wenzangu bwenini baada ya taa kuzimwa.

Ubishi wenyewe unamhusu Mmarekani aitwaye Tommie Frazier. Najua utauliza, "Frazier ndiye nani, na sisi tunamtakia nini?" Tulia, bwana. Haraka haraka haina baraka.

Mjomba wangu alisomea mji wa Lincoln, jimbo la Nebraska, katika miaka ya tisini. Likizo ile alituonyesha mimi na binamu yangu mchezo wa zamani wa chuo chake. Haukuwa soka hii yetu. Ulikuwa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega yaliyovimbishwa kwa pedi, ambao mpira wake una umbo kama la yai na hushikwa mikononi. Katika mchezo huo kuna mtu aitwaye kwotabeki. Huyo ndiye nahodha wa jahazi. Karibu kila shambulio huanzia mikononi mwake. Aweza kumrushia mwenzake mpira, aweza kumkabidhi mwingine akimbie nao, au aukumbatie akimbie mwenyewe. Frazier alikuwa kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Nebraska kuanzia mwaka wa 1992 hadi 1995.

Mchezo ulipokwisha, mjomba alikuwa na machozi machoni. Binamu yangu akauliza swali moja tu.

"Halafu alichezea timu gani ya NFL, mjomba?"

"Hakuchezea hata moja."

Binamu akaangua kicheko. "Ati hata moja? Basi huyo alikuwa bure kabisa! Hodari gani asiyefika popote?"

Mjomba akanyamaza. Mimi nikapandwa na mori. Tangu siku hiyo nimebishana na binamu, nimebishana na wenzangu wa kidato cha nne, na hata meza yetu ya chakula imegawanyika pande mbili. Leo nataka kutoa hoja zangu zote kwa mpango, ili anayetaka kunipinga anipinge akiwa amezisikia.

Kwanza, tumjue mtu mwenyewe. Frazier alianza michezo 36 akiwa kwotabeki wa Nebraska, akashinda 33. Hebu irudie hesabu hiyo polepole: alishindwa mara tatu tu. Mmojawapo wa michezo hiyo mitatu ulikuwa wa kuwania ubingwa wa taifa dhidi ya Florida State, tarehe 1 Januari 1994. Nebraska walifungwa 18 kwa 16. Vijana wengine wangekata tamaa. Wao walirudi mwaka uliofuata wakawa mabingwa wa vyuo vya Marekani nzima, na mwaka uliofuata huo wakawa mabingwa tena.

Mchezo tuliotazama kwa mjomba ni ule wa Fiesta Bowl, uliochezwa Arizona tarehe 2 Januari 1996. Wapinzani walikuwa Chuo Kikuu cha Florida, timu ambayo ilikuwa haijashindwa hata mara moja msimu huo. Nebraska waliwashinda 62 kwa 24! Peke yake Frazier alikimbia na mpira yadi 199. Kuna mbio moja ya yadi 75, yaani karibu mita 70, ambayo sitaisahau. Wachezaji wa Florida walimrukia mmoja baada ya mwingine. Huyu kashika kiuno, yule kavuta mkono, wengine wamemzonga kama nyuki. Ukadhani keshaanguka. Kumbe wapi! Alichomoka katikati yao kama samaki mwenye utelezi, akatimua mbio hadi mwisho wa uwanja. Jamani, hata binamu yangu mwenyewe alisimama akapiga makofi. Kicheko chake kilikuja baadaye, aliposikia habari ya NFL. Sasa namuuliza: makofi yale alimpigia nani, kama mtu yule alikuwa bure?

Pili, wapinzani wangu wana hoja nzito, nami sitazikwepa. Wanasema timu ilikuwa na nguvu hata bila yeye. Ni kweli. Mwaka wa 1994 Frazier aligunduliwa kuwa na damu iliyoganda katika mguu, akakaa nje karibu msimu mzima. Nafasi yake ikachukuliwa na kijana aitwaye Brook Berringer, na Nebraska wakaendelea kushinda. Hakika kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini ngoja tufike siku ya ubingwa, tarehe 1 Januari 1995, mjini Miami, dhidi ya wenyeji wenyewe. Frazier aliuanza mchezo, akatolewa, Berringer akaingia. Robo ya mwisho ilipoanza Nebraska walikuwa nyuma, 9 kwa 17. Kocha Tom Osborne akamrudisha Frazier, mtu aliyekuwa hajacheza kwa miezi. Aliiongoza timu ikafunga mara mbili, wakashinda 24 kwa 17. Kocha mwenye watu wawili hodari alijua ni yupi wa kumwita maji yalipofika shingoni.

Wengine wanasema timu ile ilikuwa na doa. Hilo nalo ni kweli, na si doa dogo. Septemba 1995 mchezaji mwenzake mmoja alikamatwa kwa kumpiga msichana. Alisimamishwa, kisha kabla msimu kwisha akarudishwa uwanjani, na alicheza hata siku ile ya Arizona. Mimi naona kumrudisha lilikuwa kosa, na ubingwa hauwezi kulisafisha. Tunapowasifu mabingwa wa 1995 tusimsahau msichana yule. Hata hivyo, kosa hilo si la Frazier. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Tatu ni hiyo NFL yenyewe, ambayo binamu yangu ameifanya mizani ya kila kitu. Kila Aprili timu za NFL huchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni. Aprili 1996 timu zote zilipita jina la Frazier bila kumwita. Damu ile iliyoganda iliwatia hofu. Akajaribu bahati yake Montreal, nchini Kanada, lakini afya haikumruhusu kuendelea. Je, mguu kuugua ni uzembe?

Isitoshe, mizani yenyewe ilikuwa na kasoro. Charlie Ward, kwotabeki wa Florida State katika ule mchezo wa 1994, alikuwa ametoka kutunukiwa Heisman, tuzo kubwa kuliko zote ya mchezaji wa chuo. Hakuna timu ya NFL iliyomchagua mwaka huo. Akaenda zake kucheza mpira wa vikapu na New York Knicks! Ward ni Mmarekani mweusi, kama Frazier. Siku zile kwotabeki mweusi mwenye miguu myepesi aliambiwa mara nyingi kwamba kazi ile haimfai, abadilishe nafasi. Leo wachezaji wa namna hiyo wanaziongoza timu kubwa za NFL. Basi tusiseme kwamba mizani ya 1996 ilikuwa ya haki kwa kila mtu.

Hata heshima za chuoni zilimponyoka. Tuzo ya Heisman ya 1995 alipewa Eddie George wa Ohio State, Frazier akawa wa pili. Baadaye alijaribu ukocha katika chuo kidogo cha Doane, misimu ya 2005 na 2006, akashindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Sifichi. Mtu aweza kuwa mwalimu wa kawaida tu na bado awe alicheza kama radi. Mwaka wa 2013 aliingizwa katika ukumbi wa magwiji wa mpira wa vyuo. Waliomchagua walitazama alichofanya chuoni, si alichokosa baadaye.

Tena kuna jambo ambalo hunichoma zaidi. Frazier alicheza zamani za kutolipwa. Alipata karo na malazi, basi. Wanafunzi wanamichezo wa Marekani waliruhusiwa kuvuna pesa kwa majina yao mwaka wa 2021, na mwaka wa 2025 vyuo vikaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Yeye hakuonja hata tone la asali hiyo. Miaka yake bora ya miguu aliitoa pale Lincoln. Halafu leo tumwambie miaka hiyo ilikuwa ya kungojea tu mambo ya maana yaanze?

Na yule Berringer je? Tarehe 18 Aprili 1996, siku mbili kabla ya uchaguzi wa NFL, alikufa katika ajali ya ndege ndogo. Alikuwa anatarajiwa kuchaguliwa. Hakuwahi kucheza hata dakika moja ya mpira wa kulipwa. Lakini pale Nebraska ipo sanamu yake amesimama na kocha Osborne. Watu wa kule hawakuuliza, "Alifika NFL?" Waliuliza, "Alitufanyia nini alipokuwa nasi?" Nami nadhani hilo ndilo swali la haki.

Sasa nitasema kwa nini nimekasirika hivi kwa ajili ya mtu ambaye hanijui. Mimi ni mlinda lango wa timu ya shule yetu. Muhula uliopita tulishindwa kwa penalti, ingawa nilidaka mbili. Nilipomsimulia binamu aliniuliza, "Na unajirusha kwenye vumbi kwa nini? Kwani utachezea nani?" Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba sitachezea mtu. Baada ya mtihani wa mwisho glavu zangu nitamwachia mdogo wa kidato cha tatu. Na wengi wenu ni kama mimi. Yule anayeimba kwaya hadi madirisha yatetemeke hatakuwa mwanamuziki. Yule bingwa wetu wa mijadala huenda akauza vipuri vya magari. Hata mimi ninayeandika hapa, huenda hili likawa jarida langu la mwisho.

Je, yote hayo ni bure? La hasha! Siku ile ya penalti shule nzima ilisimama kando ya uwanja. Mpishi aliacha sufuria motoni. Mwalimu wetu wa hesabu, asiyecheka hata siku za mapumziko, alirusha kofia juu nilipodaka ya pili. Hiyo ilikuwa kazi kamili, imeanza na ikaisha. Haingojei cheti kutoka mahali pengine ndipo iwe kweli.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema mcheza kwao atutunzwe endapo atacheza na kwingine. Frazier alicheza kwao, akacheza vizuri kuliko karibu wote waliowahi kuishika kazi ile. Atunzwe.

Binamu, najua jarida hili litakufikia, kwa sababu nitakuletea mwenyewe. Ukiwa na jibu, karibu tuendelee pale tulipoachia. Lakini kumbuka, nilikuona ukipiga makofi.