Usipige stata injini ikiwa kavu

Leo siandiki juu ya mgao wa chakula wala juu ya mpira. Naandika juu ya sekunde ishirini, kwa sababu sekunde ishirini zilimfukuzisha rafiki yangu kazi.

Mimi ni volontia huku Lobule, lakini kabla ya hapo nilikaa miezi sita nikijifunza ufundi kwenye garaji moja Arua. Rafiki yangu, mkimbizi kama mimi, alikuwa amenitangulia mwaka mzima. Siku moja ikaja Hiace ya dizeli inayobeba abiria wa Arua na Koboko. Injini ilifunguliwa yote. Pistoni mpya, ringi mpya, beringi mpya, kranki ikachongwa, bloku ikaoshwa kwa dizeli mpaka ikang'aa. Kazi ya wiki mbili.

Jioni ya mwisho mwenye gari alikuwa amesimama pale pale, kesho yake ni siku ya soko. Rafiki yangu akasema, "Bosi, oili bado haijapanda." Bosi akamjibu, "Si tumeshatia oili? Piga stata, mzee anangoja."

Akapiga. Injini ikawaka mara moja, watu wakashangilia. Lakini taa nyekundu ya oili ilibaki inawaka. Ilizimika, ndiyo, ila baada ya kama sekunde ishirini. Siku ya nne gari likarudi linavutwa kwa kamba, na kabla ya kuzima lilikuwa linagonga ndani ka-ka-ka. Kufungua, beringi zimekwaruzwa zote. Na nani aliambiwa hakukaza nati vizuri? Mkimbizi.

Sasa sikilizeni vizuri. Kutia oili kwenye injini si sawa na oili kufika kwenye beringi. Ukiimwaga juu, inashuka yote chini na kukaa kwenye sampu. Kazi ya kuipandisha ni ya pampu. Injini iliyotoka kufungwa upya, pampu yake ni tupu, filta ni tupu, na vinjia vyote ndani ya bloku vina hewa tu. Pampu kavu inavuta hewa kwanza. Kwa mwendo wa chini kabisa, kranki inazunguka kama mara 12 kwa sekunde moja. Hesabu mwenyewe: sekunde 20 ni zaidi ya mizunguko 200, chuma juu ya chuma. Beringi ina tabaka laini, na kranki inatakiwa kuelea juu ya oili bila kuigusa. Ikikosa oili, inakula beringi.

Dawa yake si ghali. Wakati wa kufunga, paka oili safi kwenye kila beringi. Pampu yenyewe itie oili kabla ya kuifunga. Filta, kama inakaa wima, ijaze kwanza. Kisha tia oili mpaka alama ya kijiti. Sasa zuia injini isiwake: kwa dizeli chomoa waya wa kukata mafuta pale kwenye pampu ya dizeli, kwa petroli kata umeme wa plagi na mafuta pia. Toa plagi, hata zile za kupasha moto kwenye dizeli, ili kranki izunguke bila mzigo. Piga stata sekunde kumi, pumzisha, rudia, mpaka taa ya oili izime. Halafu fungua kifuniko cha juu uone kwa macho yako kama oili imefika kwenye valvu.

Betri ikiwa dhaifu, kuna njia nyingine. Bomba la kunyunyizia dawa shambani, lakini jipya, si lile lililobeba sumu. Lijaze oili, fungua swichi ya oili kwenye bloku, unganisha mpira pale, pampu polepole huku mwenzako anazungusha kranki kwa spana. Na ukishawasha kweli, macho yako kwenye taa. Sekunde tano haijazima? Zima injini, tafuta sababu.

Najua mafundi wazee watasema, "Sisi tumewasha hivyo hivyo miaka mingi na magari yanatembea." Ni kweli yanatembea. Lakini injini iliyotakiwa kukaa miaka ikifa baada ya miezi michache, nani anarudi kuuliza siku ya kwanza iliwashwaje? Watu wanalaumu spea.

Ndugu zetu wa mashirika, na ninyi nina neno. Tangu 2023 mgao umegawanywa kwa makundi, na wengine waliambiwa wajitegemee. Sawa, tunataka kujitegemea. Lakini kozi nilizoziona huku, vijana wanafungua injini mbovu juu ya meza, wanajifunza majina ya vitu, wanapewa cheti na sanduku la spana. Injini haiwashwi hata siku moja. Kijana anafika garaji hajawahi kuona taa ya oili ikizima mbele yake. Bosi akimwambia piga, atapiga, maana hana cha kusimamia. Naomba kozi isifungwe bila kila kundi kufunga injini moja, kuipandisha oili na kuiwasha. Betri moja na madumu machache ya oili si gharama ya kushinda ile ya sherehe ya kugawa vyeti.

Na wewe kijana uliye garaji sasa hivi: bosi akikuharakisha, usibishane naye kwa maneno mengi. Chomoa ule waya, sema, "Bosi, nipe nusu saa, mwenye gari atakushukuru." Rafiki yangu alijua ukweli ila aliusema mara moja tu akanyamaza. Leo anaendesha boda ya mtu, na mikono yake ingali ya fundi.