WALISEMA ZAENI, GLAVU MKANUNUE WENYEWE!

Ndugu msomaji, wewe kijana wa Tunduma unayebeba mizigo mpakani, unayebadili kwacha, unayekesha kwenye foleni ya malori ya Zambia, hebu nikuulize: unataka watoto wangapi? Na kilichokupangia idadi hiyo ni nini?

Septemba 2018, Rais Magufuli akiwa Meatu aliwahimiza Watanzania wazae, akasema wanaotumia uzazi wa mpango ni wavivu. Mwezi huohuo Wizara ya Afya ikasimamisha matangazo ya uzazi wa mpango redioni na kwenye televisheni.

Je, watu walitii? Takwimu za Serikali yenyewe zinawaumbua! Utafiti wa 2015-16 ulikuta wastani wa watoto 5.2 kwa kila mwanamke. Ule wa 2022 ukakuta 4.8. Jukwaani zaeni, nyumbani watoto wanapungua!

Sababu iko wazi. Babu yako kule Mbozi alizaa kumi, shamba la kahawa likapata mikono. Wewe una chumba kimoja Sogea, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Sera ya Afya ya 2007 inasema mjamzito ahudumiwe bure, lakini ni wajawazito wangapi wameambiwa waje na glavu, pamba na wembe? Mwaka 2023 Mfuko wa Bima ya Afya ukasimamisha usajili wa mtoto mmoja mmoja kwa Toto Afya Kadi, iliyokuwa Sh. 50,400 kwa mwaka. Na hapo ulihimizwa uzae!

Hivyo anayetaka wanne anaishia wawili. Huo si uvivu, ni ukata!

Na wewe kijana usijifiche nyuma ya vigogo. Wapo wanaotaka wawili wakapata watano, kwa kuwa baba anadai mtoto huja na riziki yake, na mama anakwenda kuchoma sindano kwa siri kama mwizi. Siku zahanati ikiishiwa dawa, mpango umekwisha! Kaa na mwenzio, mpange pamoja, nenda naye kliniki.

Kisha atakayekuja kuomba kura Majengo usimwulize tuzae wangapi. Hilo halimhusu! Mwulize glavu ziko wapi, dawa ziko wapi, ajira iko wapi. Akijibu kwa ngoma na kanga, mnyime!