Jembe la Meru na hatima ya pomboo wa Ungwana

MKULIMA wa Nkubu au Runyenjes akielezwa kwamba jembe lake lina uhusiano na pomboo, huenda akacheka. Mnyama huyo huzaa, hunyonyesha na hupumua kwa mapafu kama ng'ombe wake zizini, lakini makao yake ni baharini, mamia ya kilomita kutoka Mlima Kenya.

Kiungo chao ni Mto Tana, unaomwaga maji katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi.

Hata hivyo, Embu na Meru haziko katika hali moja. Maji ya Rupingazi, yanayopita mjini Embu, huingia Thiba na kuishia katika bwawa la Kamburu, ambako tope jingi hutuama. Mutonga na Kathita, kutoka upande wa Meru, hukutana na Tana chini ya Kiambere, bwawa la mwisho. Udongo unaong'oka huko hauna kizuizi hadi pwani.

Si kwamba tope lote ni sumu. Mikoko na samaki wa delta huhitaji mafuriko na rutuba yake. Likizidi, hufunika nyasi za bahari ambamo samaki hukulia. Nyangumi wenye nundu, wanaopita Watamu kuanzia Julai wakitoka kusini kuja kuzaa, hawaathiriki sana kwani huku hawali kwa wingi. Anayeumia ni pomboo mwenye nundu, anayewinda kwenye maji mafupi karibu na milango ya mito, na ambaye tangu 2017 ameorodheshwa duniani kuwa hatarini kutoweka.

Shirika la KWS hulinda viboko wa Mbuga ya Meru, ambao kwa nasaba ndio jamaa wa karibu zaidi wa nyangumi na pomboo walio hai. Shirika hilo hilo husimamia hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, lakini Ungwana iko nje ya mipaka hiyo.

Nani basi amlipe mkulima achimbe matuta? Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, uliozinduliwa 2015, ulianza na mito ya Thika, Maragua na Sagana, inayohusu maji na umeme wa Nairobi. Ungwana haina mteja wa namna hiyo.

Pendekezo la bwawa la High Grand Falls lingezuia tope la Meru, na pia mafuriko yanayoilisha delta.