Mkwaju Umekuwa Makaa
Wasee, niko Malaba na leo nasema tu: uji wa wimbi bila ukwaju ni maji ya unga. Kwetu Wateso mti huo ni epeduru. Utotoni tulikuwa tunaokota ukwaju ulioanguka, nyanya anauloweka, anaukamua, anamimina kwa uji, saa zingine hata kwa ugali wa wimbi.

Mwezi jana mjomba alimuuzia mchoma makaa mkwaju wa boma. Ni karo, naelewa. Lakini mjomba, si ungekata mkaratusi? Huo huchipuka tena kwa kisiki, haraka. Mkwaju ukipanda leo, utaokota lini?

Juzi nimevuka mpaka hadi Tororo kununua ukwaju wa kupimiwa na kikombe. Sisi! Mbegu sikutupa. Nimepanda nne kwa debe, mbili zimetoka.